Mgunga wa mluzi: Mti wa miiba unaoshikilia nyika ya Laikipia

MSAFIRI atokaye mjini Nanyuki na kuingia katika nyanda za Laikipia hulakiwa na mti ambao kwa mtazamo wa kwanza hauna la kumvutia mtu. Ni mfupi, matawi yake yamejaa miiba mirefu, majani yake ni madogo mno, na kivuli chake hakimtoshi hata mbuzi. Hautoi mbao wala tunda la kuuzwa sokoni. Kwa mwenye shamba, ni kichaka cha kufyekwa. Kwa mchoma makaa, ni fedha iliyosimama wima ikingoja panga.

Lakini upepo wa alasiri unapoanza kuvuma, mti huo hutoa sauti nyembamba kama ya mtu anayepiga mluzi kwa mbali. Sauti hiyo hutoka katika vinundu vyeusi vilivyo wazi ndani, ambavyo vimetobolewa matundu na sisimizi. Ndiyo maana Wazungu waliuita mwiba upigao mluzi.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Utafiti uliofanywa nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 30 umethibitisha kuwa msemo huo unaufaa mti huu barabara. Juu ya mti huu mdogo kumejengwa mfungamano wa maisha unaowahusisha sisimizi, twiga, ndovu, pundamilia na hata simba. Mfungamano huo sasa umeingia ufa, na aliyeutia si ndovu wala binadamu mwenye shoka, bali ni sisimizi mgeni.

Makala haya yanaeleza mti wenyewe ni upi, unajilinda vipi, una manufaa gani na kwa nini mustakabali wake unapaswa kutushughulisha.

JINA NA UMBO

Neno mgunga katika Kiswahili hutumika kwa miti mingi ya miiba ya jamii moja, ukiwemo ule mrefu wenye gome la manjano unaoota kandokando ya Ziwa Naivasha, na ule wenye umbo la mwavuli unaopatikana kote katika maeneo kame. Ili kuutofautisha na nduguze, mti tunaouzungumzia hapa tutauita mgunga wa mluzi. Wamaasai huuita eluai.

Kwa wanasayansi, mti huu ni Vachellia drepanolobium. Neno hilo la pili lina asili ya Kigiriki na linaunganisha mundu na ganda la mbegu, kwa kuwa maganda ya mti huu yamepinda kama mundu. Vitabu vingi vya zamani huuita Acacia drepanolobium, na msomaji asidhani kuwa ni miti miwili tofauti.

Mabadiliko hayo ya jina yalizua mvutano mkali. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka wa 2005 uliamua kuwa jina Acacia libakie kwa kundi ambalo sehemu yake kubwa iko Australia. Uamuzi huo ulidumishwa katika mkutano wa Melbourne mwaka wa 2011. Migunga ya Afrika ikagawanywa, mingine ikaitwa Vachellia na mingine Senegalia. Matokeo yake ni kwamba muwati, mti ulioletwa Kenya kutoka Australia, bado ni Acacia kisayansi, ilhali mgunga uliozaliwa hapa umelipoteza jina hilo.

Mgunga wa mluzi aghalabu huwa na urefu wa kati ya mita moja na tano, na ni nadra kupita mita sita kwa kiasi kikubwa. Miiba yake hutoka miwili miwili, imenyooka, na mingine hufikia urefu wa sentimita saba. Maua yake ni meupe na yamekusanyika kama vijitufe vidogo.

Kitambulisho chake kikuu ni vile vinundu. Baadhi ya jozi za miiba hufura kwenye shina lake na kuwa kitu kama ndimu ndogo. Kinundu kichanga huwa laini, chenye rangi ya kijani iliyochanganyika na zambarau. Kikikauka huwa cheusi, kigumu na chenye uwazi ndani. Wengi hudhani kuwa sisimizi ndio wanaovisababisha. La hasha. Mti wenyewe ndio unaoviumba, hata kama haujawahi kukanyagwa na sisimizi. Kwa maneno mengine, mti hujenga nyumba kwanza, kisha mpangaji akaja.

MAKAO YAKE

Mti huu hupatikana Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na nchi nyingine za eneo hili. Hapa nchini, umetanda katika Laikipia na katika nyanda za Athi na Kajiado, na hata mkazi wa jiji anaweza kuuona katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Hupenda hasa ule udongo mweusi mzito ambao hunata kama gundi mvua inaponyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Miti mingi huukimbia udongo huo, kwa sababu hufura na kusinyaa na kuikata mizizi. Mgunga wa mluzi huustahimili. Katika sehemu za Laikipia zenye udongo wa aina hii, zaidi ya asilimia 95 ya miti iliyopo ni ya aina hii moja. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo: penye miti ya aina nyingi, mmoja ukitoweka mwingine huweza kuchukua nafasi yake, ila penye mti mmoja tu hakuna mbadala.

Kama maharagwe na kunde, mgunga wa mluzi ni wa jamii ya mikunde. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mmea. Naitrojeni ndiyo malighafi ya protini. Kwa hivyo majani ya mti huu yana protini nyingi, na kila mnyama alaye majani analijua hilo, kuanzia digidigi hadi twiga. Mti wenye chakula kizuri hivyo hauna budi kujilinda, na huu umejiwekea ngao tatu: miiba, kemikali na askari wa kukodi.

NGAO YA MIIBA NA YA KEMIKALI

Miiba haikusudiwi kumzuia mnyama kabisa. Kazi yake ni kumchelewesha. Twiga mwenye ulimi mrefu hulazimika kuchuma jani mojamoja badala ya kuparura tawi zima, na kwa hivyo hupata chakula kidogo kwa kila dakika anayosimama hapo.

Watafiti wamegundua kuwa mti huongeza au kupunguza miiba yake kulingana na hatari inayoukabili. Matawi yanayoliwa mara kwa mara huchipuza miiba mirefu zaidi, ilhali miti iliyozungushiwa ua ili wanyama wasiifikie huota miiba mifupi baada ya miaka kadhaa.

Ngao ya pili haionekani kwa macho. Ni tanini. Ikiwa msomaji amewahi kuuma ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi, anaujua ule ukakasi unaokausha kinywa. Ukakasi huo hutokana na tanini kushikana na protini zilizo katika mate.

Tanini ni molekuli kubwa zenye sehemu nyingi za kunatia, na kila sehemu huishika protini iliyo karibu. Ndani ya tumbo la mnyama, hushikana na protini za majani aliyokula na kuzifanya ngumu kusagika. Mnyama anaweza kushiba lakini asifaidike sana na alichokula. Uwezo huo huo ndio unaomfaa binadamu katika kutengeneza ngozi: tanini hushikana na protini za ngozi mbichi na kuifanya isioze. Ni kwa ajili hiyo muwati ulipandwa kwa wingi nchini, kwani gome lake lina tanini tele.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 kuhusu mgunga wa mluzi wa Laikipia ulionyesha kuwa kiasi cha tanini katika majani hupanda kulingana na wingi wa walaji. Miti iliyofungiwa isiliwe na wanyama wakubwa ilikuwa na tanini kidogo zaidi. Iliyofikiwa na wanyama wote, wakiwemo ndovu na twiga, ilikuwa na nyingi zaidi. Watafiti hao walitarajia kuwa mti wenye askari wakali ungepunguza tanini, kama vile mwenye mlinzi mlangoni anavyoweza kuacha kununua kufuli. Haikuwa hivyo. Mti uliendelea kujilinda kwa kemikali hata ulipokuwa na walinzi hodari.

ASKARI WANAOLIPWA KWA SUKARI

Ngao ya tatu ndiyo iliyoupatia mti huu umaarufu miongoni mwa wanasayansi wa ulimwengu. Katika Laikipia, aina nne za sisimizi huishi katika migunga hii, na kwa kawaida mti mmoja hutawaliwa na aina moja tu kwa wakati. Matawi ya miti miwili yenye watawala tofauti yakigusana, vita huzuka, na atakayeshinda huuteka mti wa jirani.

Mkataba uliopo ni rahisi kuueleza. Mti huwapa sisimizi makao ndani ya vinundu, na pia huwapa maji matamu yatokayo katika vitezi vidogo vilivyo kwenye majani. Sukari hiyo haiugharimu mti kupita kiasi, maadamu hutengenezwa kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Sisimizi nao hulipa kodi kwa kulinda. Tawi likitikiswa tu, hutoka kwa mamia, wakatoa harufu ya kuwaamsha wenzao, na kumvamia aliyethubutu kuwasumbua.

Hata hivyo, wapangaji hawa wanne hawafanani kwa tabia. Crematogaster mimosae ndiye mwenye kutawala miti mingi zaidi. Ni mkali, na hutegemea vinundu na sukari ya mti. Crematogaster nigriceps naye ni mkali, lakini hukata machipukizi ili mti wake usigusane na wa jirani ambako adui anangoja. Kwa kufanya hivyo huuzuia mti kutoa maua.

Tetraponera penzigi ni mwembamba na mnyonge vitani. Huharibu vile vitezi vya sukari, na kwa hivyo huufanya mti usitamaniwe na maadui zake. Wa nne ni Crematogaster sjostedti, ambaye hulinda kwa ulegevu. Yeye haishi katika vinundu, bali katika mashimo yaliyotobolewa ndani ya shina na viwavi wa mbawakawa. Kwake yeye, mti uliotobolewa na mbawakawa ni nyumba iliyoongezwa vyumba, japo kwa mti wenyewe ni maradhi.

MAJARIBIO YA MPALA

Mengi katika haya yalibainika kupitia jaribio lililoanzishwa mwaka wa 1995 katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, Laikipia, ambalo lingali linaendelea. Wanasayansi walitenga vipande 18 vya ardhi, kila kimoja cha hekta nne, na kuvizungushia nyua za aina mbalimbali. Vipande vingine huingiliwa na wanyama wote. Vingine huwazuia ndovu na twiga pekee. Vingine huruhusu ng'ombe tu. Na vingine haviingiliwi na mnyama yeyote mkubwa.

Baada ya miaka 10 ya kuwazuia wanyama, mtu angetarajia kuwa miti iliyokingwa ingenawiri. Ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2008 katika jarida la Science ilionyesha kinyume chake. Kwa kuwa haikuwa ikiliwa tena, miti hiyo ilipunguza vinundu na sukari, kama mwajiri anayepunguza mishahara pindi wezi wanapohama mtaani. Sisimizi wakali wakadhoofika, na wale wa mashimo ya mbawakawa wakatwaa miti mingi zaidi. Mbawakawa wakaongezeka. Mwishowe, miti iliyolindwa dhidi ya wanyama ikawa inakua polepole kuliko ile iliyokuwa ikiliwa, na uwezekano wake wa kufa ukawa takriban mara mbili.

Funzo lililopatikana hapo ni zito kwa wanaopanga matumizi ya ardhi. Kumwondoa twiga na ndovu nyikani si kuupumzisha mti. Ni kuuvunja mkataba ambao uhai wa mti umejengwa juu yake.

NDOVU NA SISIMIZI

Ndovu ana uwezo wa kung'oa mgunga kwa mkonga mmoja. Swali lililowasumbua watafiti ni hili: kwa nini ndovu, ambaye huangusha miti mingi katika udongo wa kichanga, huipita migunga ya mluzi katika udongo mweusi kana kwamba haioni?

Jibu lilipatikana katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010. Ndovu wachanga waliolelewa na binadamu walipewa matawi ya migunga ya aina mbili, mengine yakiwa na sisimizi na mengine yakiwa yameondolewa. Matawi ya mgunga wa mluzi yasiyo na sisimizi waliyala bila wasiwasi. Yale yenye sisimizi waliyaepuka. Na matawi ya mgunga wa aina nyingine, ambao kwa kawaida hauna walinzi, nayo yaliepukwa mara tu yalipotiwa sisimizi. Hivyo basi, kilichomzuia ndovu hakikuwa mwiba wala tanini.

Sababu iko katika mkonga. Ngozi ya nje ya ndovu ni ngumu, lakini sehemu ya ndani ya mkonga ni laini na yenye hisia kali. Sisimizi mia moja wakiingia humo, nguvu za ndovu hazimfai kitu. Picha za setilaiti zilizopigwa kati ya mwaka wa 2003 na 2008 ziliafikiana na hayo: miti ilipungua mahali pasipo na sisimizi walinzi, lakini penye mgunga wa mluzi hali ilibaki karibu vilevile, ingawa ndovu walikuwa wameongezeka Laikipia.

MANUFAA KWA BINADAMU NA WANYAMA

Kwa wafugaji, mti huu ni ghala la kiangazi. Nyasi zikiisha, mbuzi na ngamia huchuma majani yake. Matawi yake ya miiba hutumiwa kuzungushia maboma ili kuwazuia fisi na chui. Maua yake huwapa nyuki chakula. Wachungaji hutafuna vinundu vichanga kabla havijakauka, na utomvu unaotoka kwenye gome huliwa pia.

Kima wekundu waitwao patas, ambao wamebaki wachache mno nchini, hutegemea mti huu kwa sehemu kubwa ya chakula chao: utomvu, maua, mbegu, na sisimizi wenyewe wanaowatoa ndani ya vinundu. Kifaru mweusi naye huula, na ni miongoni mwa vyakula vyake muhimu katika hifadhi ya Ol Pejeta, ambayo ndiyo hifadhi kubwa zaidi ya kifaru mweusi katika Afrika Mashariki.

Ila matumizi yenye kuleta fedha taslimu ni makaa. Ubao wa mgunga wa mluzi ni mgumu na mzito, na kwa sababu hiyo makaa yake huwaka kwa muda mrefu. Kuni zilizokauka zimeundwa hasa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Zikifukiwa ndani ya tanuri la udongo na kupashwa joto la nyuzi 300 hadi 500 bila hewa ya kutosha, mata hizo huvunjika. Maji, gesi na lami hutoka kama moshi, na kinachobaki zaidi ni kaboni.

Tatizo ni kwamba tanuri la kienyeji hupoteza mno. Kilo 100 za kuni kavu aghalabu hutoa kilo 10 hadi 15 za makaa. Kwa hivyo gunia moja linalosimama kando ya barabara kuu ni ushahidi wa miti mingi iliyoanguka.

Pamoja na hayo, mti huu una sifa moja inayoweza kuuokoa: hauuawi kwa kukatwa. Shina likiachwa kama kisiki chenye afya, huchipuka upya na baada ya miaka kadhaa huwa na matawi ya kuvunwa tena. Mchoma makaa anayekata kwa zamu, akaacha visiki na kuyakinga machipukizi yasimalizwe na mbuzi, anaweza kuvuna mahali pamoja maishani mwake mwote. Anayeng'oa visiki huvuna mara moja tu.

MGENI MWENYE KICHWA KIKUBWA

Hatari iliyopo sasa haitokani na panga. Ni sisimizi aitwaye Pheidole megacephala, yaani mwenye kichwa kikubwa, kwa sababu askari wake wana vichwa visivyolingana na miili yao. Kwa mara ya kwanza sayansi ilimtambua mwaka wa 1793 kutoka kisiwa cha Mauritius, na leo ameenea katika nchi nyingi za joto. Yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 waharibifu zaidi ulimwenguni. Husafiri na mizigo ya binadamu: udongo, mimea ya vyunguni, mazao na takataka. Katika Laikipia, alianza kuonekana akisambaa kutoka kwenye makazi na majengo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mgeni huyu huishi ardhini. Hupanda migunga kwa makundi, akawaua walinzi, akala mayai na watoto wao, kisha akarudi chini. Mti hubaki na vinundu vitupu. Yeye hana haja ya kuulinda, na ndovu hachelewi kung'amua. Uchunguzi umeonyesha kuwa katika maeneo yaliyovamiwa, ndovu huvunja miti kwa kiwango cha mara tano hadi saba zaidi ya mahali ambapo walinzi wangalipo.

Wengi wangedhani kuwa madhara yangekomea hapo. Lakini mnamo Januari 2024, jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Mkenya, Douglas Kamaru, uliofanyika Ol Pejeta. Ulionyesha kuwa uvamizi huo umemfikia simba.

Simba hamkimbizi pundamilia kwa mwendo mrefu. Humvizia akiwa amejificha nyuma ya miti. Ndovu wanapoiangusha miti, uwanja huwa wazi na pundamilia humwona adui yake mapema. Katika maeneo yasiyovamiwa, uwezekano wa pundamilia kuuawa na simba ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa maeneo yaliyovamiwa. Mwaka wa 2003, pundamilia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika hifadhi hiyo. Kufikia mwaka wa 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao mwaka wa 2003 hawakuwemo kabisa katika hesabu hiyo, walifikia asilimia 42.

Idadi ya simba haikushuka, na hilo ni la kutia moyo. Hata hivyo, nyati si pundamilia. Ni mzito, ana pembe, na huweza kumuua simba. Kumwangusha kunahitaji simba wengi wakishirikiana. Hakuna awezaye kusema mabadiliko hayo yatafika wapi baada ya miongo mingine miwili, sisimizi mgeni anapozidi kusonga mbele.

LA KUFANYA

Sisimizi vamizi akishaenea katika nyika pana, si rahisi kumwondoa. Dawa ya kuua wadudu ikimwagwa ovyo huwamaliza walinzi pamoja na mvamizi. Kwa sababu hiyo, njia ya busara ni kumzuia asifike mahali ambapo hajafika. Wenye hoteli za kitalii, ranchi, shule na makazi mapya wanapaswa kukagua udongo wa ujenzi, miche ya vitalu na nyasi za mifugo kabla ya kuvisafirisha. Takataka za jikoni zisitupwe vichakani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa nyika haujengwi na fundi.

Aidha, makaa yasivunwe kwa kuikumba nyika nzima. Mahali ambapo mvamizi amekwisha kuingia, miti tayari inaangushwa na ndovu, na kuongeza panga juu ya hayo ni kuumiza kidonda. Penye walinzi hai, ukataji wa zamu unaoacha visiki huweza kuwapa watu riziki bila ya kuutoa mti roho.

Mkazi wa Laikipia au Kajiado hahitaji maabara ili kujua hali ya miti iliyo karibu naye, na wala asiutegemee mluzi. Matundu yaliyotobolewa na sisimizi hubaki hata baada ya waliyoyatoboa kuangamia, na upepo huendelea kuyapuliza kama kawaida. Achukue kijiti kirefu, aligongegonge tawi na kungoja kidogo. Wakitoka sisimizi kwa hasira, mti una walinzi. Asipotoka hata mmoja, ainame na kutazama udongo ulio kwenye shina. Akiona sisimizi wadogo wa rangi ya hudhurungi, na miongoni mwao askari wenye vichwa vikubwa, basi ajue mgeni amekwisha kufika, na awaarifu majirani zake kabla hawajahamisha udongo, miche au nyasi kutoka hapo.